Tawasifu bila ‘kumbe’ ni barua ndefu ya kuomba kazi

Mwezi jana mwalimu mkuu mmoja mstaafu alinijia ofisini akiwa amekumbatia bahasha ya kaki. Alipoketi aliiweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka mayai. Ndani mlikuwa na mswada wa kurasa 312, uliochapwa vizuri. “Prof,” akaniambia, “haya ndiyo maisha yangu. Yasome, kisha uniambie bila kunionea haya kama yanafaa kuchapishwa.”

Niliyasoma kwa wiki mbili. Kila kitu kilikuwa mahali pake: kijiji alikozaliwa, shule alizosomea, chuo cha ualimu, kituo cha kwanza cha kazi, vyeo alivyopanda, semina alizohudhuria, majina ya wanafunzi waliotokea kuwa madaktari na mawakili. Lugha ilikuwa safi. Hapakuwa na kosa la upatanisho wa kisarufi hata moja, na hilo si jambo dogo siku hizi.

Kisha nikafika ukurasa wa 147, nikasoma hivi: “Mwaka huo Mungu alimtwaa mtoto wetu wa pili. Januari nikahamishwa hadi shule ya bweni yenye mikondo minne.”

Nilidhani nimeruka ukurasa. Nikarudi nyuma nikahesabu: 146, 147, 148. Hakuna uliokosekana. Kati ya kifo cha mtoto na uhamisho wa kikazi palikuwa na nukta moja tu.

Aliporudi kuchukua mswada wake nilimwonyesha mahali hapo. Aliutazama ukurasa kwa muda, akavua miwani. “Hayo ni ya nyumbani, Prof,” akasema.

Leo nataka tuzungumzie nukta hiyo. Katika miaka yangu ya kufundisha fasihi nimeletewa miswada ya tawasifu isiyopungua ishirini, na mingi ina nukta kama hiyo mahali fulani. Walioiandika ni walimu, machifu, wachungaji, wauguzi, hata askari jela mmoja. Watu hawa wameona mengi na wana kumbukumbu za kuonewa wivu. Kinachowashinda si lugha. Kinachowashinda ni kuamua kile wanachokiandika ni kitu gani.

Sifa na kusifu

Tuanze na majina yenyewe, maana wengi huyachanganya. Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwingine. Tawasifu ni maelezo ya maisha ya mtu aliyoyaandika mwenyewe. Wasifukazi ni yale maelezo mafupi ya elimu na tajriba tunayoambatisha kwenye barua ya kuomba kazi. Wapo pia wanaotumia neno kumbukizi kwa maandishi ya mtu anayechagua kipande kimoja cha maisha yake, kama vile miaka ya kifungo, ugonjwa au safari, bila kujilazimisha kuanza na siku aliyozaliwa.

Maneno haya yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, uleule uliotupa sifa na kusifu. Katika Kiarabu maana ya msingi ni kueleza kitu kilivyo. Sisi Waswahili tuliyapokea maneno hayo kisha yakatuotea tawi jingine. Kwetu sifa ya kitu ni hali yake, lakini kumpa mtu sifa ni kumtukuza. Ndiyo maana mwandishi wa tawasifu wa Kiswahili anaanza kazi akiwa na mtego ndani ya neno lenyewe. Ameketi kujieleza, na kalamu inateleza taratibu kuelekea kujisifu.

Mswada wa mwalimu wangu haukuwa wa majivuno. Ni mtu mnyenyekevu. Lakini bila kujua alikuwa ameandika wasifukazi wa kurasa 312. Kila sura ilijibu swali ambalo mwajiri angeuliza: ulikuwa wapi, tangu lini hadi lini, ukiwa na cheo gani, ukafanikisha nini? Msomaji wa tawasifu haulizi hayo. Yeye anauliza: ulikuwa nani wakati huo, na umejuaje kwamba wewe si yule tena?

Kamba ya ‘ka’

Sarufi yetu ina kiambishi kinachopendwa sana na wasimulizi, yaani ‘ka’. Nikasoma, nikafaulu, nikaajiriwa, nikaoa, nikajenga, nikastaafu. Ni kiambishi kizuri mno. Hufunga tukio kwa tukio kama mtu anayefunga mbuzi kwenye kamba moja kuwapeleka mnadani. Ngano zetu zote zimetembea kwa miguu ya ‘ka’.

Hata hivyo, ‘ka’ hukwambia lipi lilitangulia na lipi likafuata. Haikwambii kwa nini, wala haikwambii lilimfanya nini mtendaji. “Akafa, nikahamishwa.” Kisarufi sentensi hii haina dosari. Kibinadamu ina shimo.

Neno linaloziba shimo hilo tunalo, tena tunalitumia kila siku sokoni, matatuni na jikoni. Neno lenyewe ni kumbe. Vitabu vya sarufi huliweka pamoja na vihisishi, vikatueleza kuwa huonyesha mshangao wa mtu aliyegundua jambo kinyume na alivyodhani. Maelezo hayo ni sawa ila hayatoshi. Kumbe ni neno lenye watu wawili ndani yake: yule ambaye hakujua na yule ambaye sasa anajua, nao wote ni mtu mmoja.

Hebu tazama: “Nilidhani baba ananichukia kwa kunikatalia kwenda mjini pamoja na wenzangu. Kumbe hakuwa na nauli.” Mna mtoto aliyekasirika, mna mtu mzima anayeona haya kwa hasira ile, na katikati mna baba aliyeificha aibu yake kwa ukali. Sentensi mbili fupi zimebeba watu watatu. Hiyo ndiyo tawasifu. Mengine yote, yaani tarehe, vyeo, picha na majina ya wageni waheshimiwa, ni fanicha ya nyumba hiyo.

Mfanyabiashara asiyejiuliza

Utanzu huu si mgeni kwetu kama wengine wanavyodai. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Yalichapishwa Berlin mnamo 1902 na 1903, miaka michache kabla ya mzee huyo kufariki Zanzibar mwaka 1905. Baadaye W. H. Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza.

Kama usimulizi, kitabu hicho kina utamu wake. Sentensi ni fupi, watu wanasemezana, safari zinaenda mbio. Anapomshinda Nsama wa Itawa tunaelezwa pembe zilizopatikana kwa uzito wa frasila. Stanley na Cameron wanapita humo kama wateja wanavyopita dukani. Lakini msafara ule ulikuwa na mamia ya watu waliobeba pembe hizo, na wengi wao hawakuwa huru. Nao katika simulizi ni mzigo unaobeba mzigo. Nimekisoma kitabu hicho mara kadhaa nikitafuta mahali mzee anaposimama akajiuliza, nami sijapaona. Anatueleza alichopata na alichopoteza. Ana ‘ka’ nyingi na hana kumbe.

Upande wa pili wa msafara ulisubiri kizazi kizima ndipo uandikiwe. Mwaka 1934 James Mbotela alichapisha Uhuru wa Watumwa, simulizi iliyojengwa juu ya masaibu ya wazee wake waliokombolewa wakakaa Freretown, karibu na Mombasa. Kinachonigusa ni kwamba mwana ndiye aliyesema. Mara nyingi aliyeumia hapati wasaa wala sauti ya kuandika, na tawasifu yake inakuja kupitia kinywa cha mwingine. Kwa hiyo anayepata bahati ya kuandika mwenyewe ana deni. Asije akajaza kurasa zake kwa frasila za pembe.

Pale nathari ilipoona haya

Baada ya hapo tunamfikia Shaaban Robert. Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini hutajwa daima tunapozungumzia tawasifu ya Kiswahili, na ni haki yake. Hata hivyo, msomaji anayetafuta humo utoto wa kijijini, michezo, hofu na viboko vya mwalimu wa chuoni, hataambulia mengi. Anayetafuta mtumishi mwaminifu, mume mwema na mtunzi mwenye maadili atampata bila shida. Wahakiki kadhaa wamemlaumu kwa hilo, wakisema alijichora kama kielelezo badala ya kujichora kama mtu.

Mimi pia niliwahi kulisema hilo darasani, tena kwa ukali wa kijana. Siku hizi nasita. Tazama alichofanya palipokuwa na uchungu na mapenzi: aliiacha nathari akaingia kwenye ushairi. Kifo cha mkewe Amina alikililia kwa shairi. Bintiye alimtungia Utenzi wa Hati na mwanawe akamtungia Utenzi wa Adili, na tenzi hizo zimo ndani ya kitabu hichohicho. Katika mila aliyokulia, mtu mzima mwenye heshima hakutarajiwa kuanika moyo wake kwa maneno ya kawaida. Vina na mizani vilikuwa kanga ya kujitandia: unasema lililo ndani kabisa na bado umevaa.

Abdilatif Abdalla alipitia njia hiyohiyo miaka mingi baadaye. Alifungwa kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa, na yaliyompata hayakutokea kama tawasifu. Yalitokea kama diwani, Sauti ya Dhiki, mwaka 1973. Anayetaka kujua kifungo kile kilikuwaje ndani ya mtu atasoma mashairi hayo kabla ya kusoma ripoti yoyote.

Basi tusiseme kwamba Waswahili hawajui kujiandika. Tuseme kwamba walipendelea kujiandika kwa mlango wa ushairi, na kwamba nathari bado inajifunza kufanya kazi ambayo shairi lilikuwa likiifanyia. Mwalimu wangu wa ukurasa wa 147 ni mrithi wa staha hiyo. Tatizo lake ni kwamba aliurithi ukimya bila kurithi shairi.

Nasikia, si nilisikia

Katika kizazi chetu, Ken Walibora alijaribu kuifundisha nathari kazi hiyo. Kabla ya kuandika yake alikuwa amezitafiti kitaaluma simulizi za watu waliofungwa kwa sababu za kisiasa, kwa hiyo aliujua utanzu huu kwa nadharia na kwa vitendo. Tawasifu yake aliiita Nasikia Sauti ya Mama. Wengi hulipita jina hilo haraka. Ebu tusimame kwenye kitenzi.

Hakusema “Nilisikia”. Alisema “Nasikia”. Wakati ni wa sasa. Mama ni wa jana, mtoto ni wa jana, lakini kusikia kunaendelea leo. Katika neno moja Walibora ametufundisha kwamba tawasifu huandikwa na mtu wa sasa kuhusu kitu ambacho hakijaisha. Methali yetu husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni busara ya kupatanisha wagomvi. Kwa mwandishi wa tawasifu haifai. Yapo yaliyopita ambayo ni ndwele hasa, na kitabu ndicho mahali pa kuigangia. Tangu Walibora atutoke ghafla Aprili 2020, jina la kitabu hicho limepata mwangwi mwingine. Sasa ni sisi tunaosikia.

Jambo jingine. Nimefundisha wanafunzi walioapa kwamba Kongowea Mswahili wa Siku Njema ndiye Walibora mwenyewe, kwa sababu tu anasema “mimi”. Hapana. Mfaransa Philippe Lejeune alilifafanua jambo hili mwaka 1975 kwa kuzungumzia mkataba kati ya mwandishi na msomaji: jina lililo kwenye jalada, jina la anayesimulia na jina la anayesimuliwa ni moja. Mtunzi wa riwaya hajatia sahihi mkataba huo. Mwandishi wa tawasifu ametia, na kwa hiyo akidanganya amevunja ahadi.

Babu na redio

Je, na anayekosea bila kukusudia? Hapa nitajitolea mfano mimi mwenyewe.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia jinsi nilivyoketi na babu chini ya mwembe, redio ya betri ikiwa katikati yetu, tukisikiliza habari za jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982. Naiona hata tumbaku kidoleni mwake. Nimeisimulia kwa wanafunzi na kwa watoto wangu. Mwaka juzi tulipokuwa tukikarabati kaburi la babu nikafuta vumbi, nikasoma mwaka ulioandikwa kwenye sementi: 1981.

Kumbe! Babu hakuwapo. Nimejichunguza sana nikahitimisha kwamba nimeunganisha Agosti mbili. Redio ile ilikuwa ya Agosti 1978, tulipotangaziwa kifo cha Mzee Kenyatta. Kumbukumbu yangu ilimfufua babu, ikamketisha kwenye tukio jingine kubwa kwa sababu sikutaka kuwa peke yangu siku ile ya hofu.

Je, nikiandika tawasifu niifute hadithi hiyo? La. Nitaiandika ilivyo pamoja na kaburi lake. Kosa la kumbukumbu likikiriwa huwa ushahidi wa aina yake. Haliniambii kilichotokea 1982. Linaniambia babu alikuwa nani kwangu. Kiswahili kimetupa zana za kufanya hivyo kwa uaminifu: nikikumbuka vizuri, nadhani, yasemekana, eti. “Eti nilizaliwa usiku wa mvua kubwa” ni sentensi ya kweli kuliko “Nilizaliwa usiku wa mvua kubwa”, maana hakuna aliyeshuhudia kuzaliwa kwake.

Aliye na daftari asitegemee kichwa. Gakaara wa Wanjau alipochapisha kwa Kikuyu kitabu chake kuhusu miaka ya kizuizini, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, mwaka 1983, kilitokana na maandishi aliyoyahifadhi tangu wakati ule wa mateso. Kilishinda tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Barua, risiti, stakabadhi za hospitali, kadi za ripoti za shule: vitoe sandukuni kabla hujashika kalamu. Vitakubishia, na kubishiwa ni kuzuri.

Maisha yangu, siri zao

Tunarudi kwa maneno ya mwalimu: “Hayo ni ya nyumbani.” Ugumu mkubwa wa tawasifu uko hapa, kuliko hata kwenye kumbukumbu. Hakuna mtu aliyeishi maisha yake peke yake. Ukiandika ulevi wa baba umemwandika mama aliyeuficha. Ukiandika talaka yako umeandika maisha ya mtu ambaye hana kitabu cha kukujibia. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini je, kata ina ruhusa ya kuitangaza?

Wapo wanaojibu kwa kunyamaza. Binyavanga Wainaina alichapisha One Day I Will Write About This Place mwaka 2011, kikasifiwa sana. Januari 2014 akachapisha insha aliyoieleza kuwa sura iliyopotea ya kitabu hicho, akijaribu kumwambia mamake aliyekwisha kufariki kwamba yeye alikuwa shoga. Kwanza anaiwaza siku ambayo angemwambia, kisha anakiri kwamba siku hiyo haikuwapo. Msomaji awe na msimamo wowote ule kuhusu jambo lenyewe, kiufundi funzo ni moja: tawasifu iliyokamilika, iliyohaririwa na kutuzwa kwa sifa, ilikuwa na chumba kimefungwa, na mwandishi ndiye aliyejua ufunguo uko wapi.

Wapo wengine wanaojibu kwa kuanika kila kitu, hasa cha wengine. Tawasifu za wanasiasa zimejaa hili. Humo mna kumbe nyingi, lakini zote za namna moja: kumbe fulani alikuwa msaliti, kumbe walinionea wivu, kumbe mimi ndiye niliyekuwa sahihi. Nyani haoni kundule. Kumbe ya kweli humgharimu anayeisema. Ukipitia mswada wako ukakuta kila ugunduzi unamdhalilisha mtu mwingine na kukuacha wewe ukiwa msafi, ujue unajivika kilemba cha ukoka kwa mikono yako mwenyewe.

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki. Kuhusu mwenzako, andika kile tu ambacho bila hicho msomaji hawezi kukuelewa wewe. Kuhusu wewe mwenyewe, andika hata kile ambacho ungependa asikielewe. Stara ni ya wengine. Kujisitiri mwenyewe ni haki yako pia, lakini usikuite tawasifu.

Mama alisema kwa lugha gani?

Siwezi kumaliza safu hii ya lugha bila kugusa lugha yenyewe. Tawasifu nyingi za Wakenya mashuhuri zimeandikwa kwa Kiingereza: Not Yet Uhuru ya Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1967, Unbowed ya Wangari Maathai mwaka 2006. Hata Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyetangaza mwaka 1986 kwamba anakipa Kiingereza kwaheri, alitoa Dreams in a Time of War kwa Kiingereza mwaka 2010. Katika kitabu hicho mamake, asiyejua kusoma, anamtaka mwanawe aeleze kama alama alizopata shuleni ndizo bora kabisa alizoweza kupata. Mama huyo aliuliza kwa Kikuyu. Sisi tunamsikia kwa Kiingereza.

Simlaumu Ngũgĩ, maana nami sina mikono safi. Mama yangu hakunikemea kwa Kiswahili, na Wakenya wengi wanaoandika Kiswahili wako kwenye mashua hiyo hiyo. Ila kuna nafuu. Ukali wa mama, utani wa shangazi na matusi ya mjomba hutafsirika kwa Kiswahili pamoja na adabu zake: shikamoo, mwanangu, ati, wewe ngoja tu baba yako aje. Kwa Kiingereza mara nyingi hubidi tumweleze msomaji kwanza shangazi ni nani kwetu, na kufikia hapo utani umeshapoa. Ushauri wangu ni kwamba maneno ya mama yaandikwe kwanza katika lugha aliyoyasemea, hata kama ni kwenye daftari la pembeni. Ndipo uyatafutie Kiswahili chake. Ukianzia kwenye Kiswahili sanifu mama atazungumza kama mtahini.

Kurasa mbili

Mwalimu mkuu alirudi wiki jana. Safari hii hakuwa na bahasha, alikuwa na karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Yeye na mkewe wameniruhusu kueleza yaliyomo mradi nisiwataje majina.

Mtoto wao alifariki mwezi wa Novemba, majira ya mtihani wa kitaifa wa darasa la nane. Walimzika Jumamosi. Jumatatu asubuhi mwalimu alikuwa shuleni, amevaa tai, kwa sababu watahiniwa walikuwa wakimngoja. Jambo hilo lilimjengea jina. Hata kwenye sherehe ya kustaafu kwake lilitajwa kama mfano wa kujitolea, na watu wakapiga makofi. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliamini kwamba siku ile alikuwa imara.

Baada ya mazungumzo yetu alikwenda nyumbani akamuuliza mama watoto anaikumbukaje Jumatatu ile. Hawakuwa wamewahi kulizungumza. Mkewe alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: “Sikuhitaji kitu siku hiyo. Nilitaka tu uketi.”

Kumbe, ameandika mwalimu, mimi sikwenda shuleni kwa ajili ya watahiniwa. Nilikimbia nyumba yangu.

Nilisoma kurasa hizo mbili mbele yake, nikashindwa kutoa maoni ya kitaaluma. Nilimuuliza tu kama mkewe ameziona. Akasema ndiyo, amezisoma, akafuta sentensi moja na kuongeza moja. Sikuuliza ni ipi iliyofutwa.

Mswada sasa ana mpango wa kuuandika upya. Anasema utapungua, maana semina nyingi zitatoka. Nimemwambia asiogope ukipungua hata ukafika kurasa 120. Naye aliye na bahasha ya kaki kabatini, iwe ya kwake au ya mzazi wake, aitoe aisome polepole akitafuta mahali ambapo nukta imefanya kazi ya ukurasa mzima. Akipapata, aanzie hapo.